Msamaria na Mwenye Nyumba ya Wageni



Wasomaji wapenzi, mfano wa Msamaria mwema twaujua wote. Tulifundishwa tungali wadogo katika mafundisho ya dini, twausikia kanisani, na watoto wetu huuigiza shuleni: mmoja amelala chini amejipaka rangi nyekundu, wawili wapita wakitazama kando, na wa tatu asimama, ana huruma. Katika michezo hiyo kila mtoto ataka kuwa Msamaria. Sijapata kumwona mtoto aliyelilia kuwa mwenye nyumba ya wageni.

Lakini fungueni Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10, mkaisome polepole. Msamaria aliyafunga majeraha ya yule mtu, akayatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha katika nyumba ya wageni. Habari haikuishia hapo. Siku ile alimwuguza mwenyewe. Kesho yake alitoa dinari mbili, yaani kama mshahara wa siku mbili wa kibarua wa zama zile, akampa mwenye nyumba. Akamwagiza amtunze mgonjwa, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa chochote kitakachozidi. Ndipo alipoendelea na safari yake.

Basi, katika mfano ule mgonjwa hakuponea mikononi mwa mtu mmoja. Mmoja alimtoa barabarani, wa pili alimpokea ndani. Na kati yao lipo jambo ambalo twalipita upesi tunaposoma: mgonjwa alitoka mikononi mwa huyu akaingia mikononi mwa yule, kwa maneno yaliyo wazi, bila ugomvi, na bila mmoja kumtupia mwenzake mzigo akakimbia. Juma hili nataka kusema juu ya jambo hilo. Maana wagonjwa wetu wengi wa dharura huokoka au hupotea pale pale: mlangoni pa hospitali, wakati watu wa gari la wagonjwa wanapokutana na wauguzi wa zamu.

Wala sitaanza kwa kuwahubiria wengine. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kabla sijapewa kazi ya gazeti hili, nilikuwa padre msaidizi katika parokia ya shamba, mbali na barabara kuu. Gari la misheni ndilo lililokuwa gari la wote: lilibeba saruji, lilibeba maharusi, lilibeba wagonjwa na marehemu. Usiku mmoja wa masika katekista alinigongea mlango. Katika zahanati kulikuwa na mama kijana, mimba yake ya kwanza, ameshikwa na kifafa cha mimba. Sista mwuguzi alikuwa amekwisha kumchoma sindano ya magnesiamu, dawa inayotuliza degedege hiyo, naye alitaka mgonjwa afikishwe hospitali kubwa bila kukawia. Sista hakuweza kufuatana nasi, kwa sababu palikuwa na mama mwingine kitandani ambaye saa yake ya kujifungua ilikuwa imefika. Basi aliandika karatasi: jina, umri, degedege ilianza saa ngapi, presha ilikuwa kiasi gani, dawa gani amepewa, kipimo gani, saa ngapi. Akanikabidhi, akasema, "Padre, karatasi hii mpe nesi wa zamu mkononi. Tafadhali usiisahau."

Nikaitia katika mfuko wa koti la mvua.

Tulisafiri karibu saa tatu. Nyuma alikaa mama mkwe wa mgonjwa pamoja na katekista, wakimshika asianguke. Mara mbili gari lilikwama, mara mbili tulishuka katika matope. Tulipofika hospitali ilikuwa kama saa sita za usiku. Wakatoka na machela, wakamchukua. Nesi wa zamu, mama mwenye umri wa kunizaa, akaniuliza, "Shikamoo, Padre. Amechomwa dawa gani huko mlikotoka, na saa ngapi?"

Nami nilikuwa nimechoka, nimelowa, na moyoni nilijiona kwamba nimetenda tendo kubwa. Nikajibu kwa ukali, "Mama, mimi nimemleta. Mengine ni kazi yenu." Nikaenda kutafuta maji ya kunawa, kisha nikakaa garini kusali rozari yangu.

Ndugu zangu, nilikuwa nikisali rozari na karatasi ile i mfukoni mwangu.

Ndani ya hospitali walikuwa na mgonjwa asiyejitambua. Waliona alama za sindano, lakini alama ya sindano haisemi ilikuwa dawa gani. Na dawa ile ya magnesiamu si dawa ya kubahatisha. Kipimo cha kwanza, kwa utaratibu unaotumika sana katika nchi zetu, ni gramu 14: gramu 4 mshipani polepole, na gramu 10 misulini, nusu upande huu na nusu upande huu. Baada ya hapo mgonjwa hupewa gramu 5 tu kila baada ya saa nne, tena kwanza hupimwa kama anapumua sawasawa, kama goti lake huruka likigongwa, na kama mkojo watoka wa kutosha. Akipewa kipimo kikubwa mara ya pili, huenda pumzi zikasimama. Asipopewa kabisa, degedege humrudia na kumwua. Daktari alisimama kati ya mashaka hayo mawili. Akampima pumzi na magoti, akasita. Na alipokuwa akisita, degedege ikarudi.

Yule nesi hakunikasirikia. Alitoka tena gizani, akagonga kioo cha gari, akasema, "Padre, nisamehe kukusumbua. Hawakukupa maandishi yoyote?" Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilitoa karatasi, imelowa pembeni lakini yasomeka. Tangu kufika kwetu ilikuwa imepita karibu nusu saa.

Mama yule alipona. Mtoto hakupona. Daktari aliniambia baadaye kwamba mtoto alikuwa amekwisha kuteseka sana tumboni kabla hatujafika, na kwamba hakuna awezaye kusema nusu saa ile ilikuwa na uzito gani. Nilimshukuru kwa wema wake. Lakini tangu siku ile siwezi kusoma mfano wa Msamaria bila kukumbuka jibu nililompa mama yule mlangoni.

Nimewasimulieni haya si kwa kupenda kujianika, bali kwa sababu najua kosa langu si langu peke yangu. Hutendeka kila siku, na kwa kawaida watendao si watu wabaya. Ni watu waliochoka. Kila mmoja amefanya sehemu yake kwa nguvu zake zote, na kwa sababu hiyo adhani kwamba sehemu yake ndiyo kazi nzima. Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: mzigo ulio kichwani pa mwenzako hukuonekea mwepesi kama sufi. Dereva ayajua matope, hajui wodi yenye wagonjwa wawili katika kitanda kimoja. Nesi aijua wodi, hajui matope.

Tutazame basi kila mmoja ana nini ambacho mwenzake hana.

Walio katika gari la wagonjwa wameona mambo ambayo hospitali haitayaona kamwe. Wameona pikipiki ilivyopinda, wakajua kishindo kilikuwa kikubwa kuliko jeraha linavyoonekana. Wameona chupa tupu ya vidonge chini ya kitanda. Wameyasikia maneno ya mwisho ya mgonjwa kabla hajapoteza fahamu. Wamemfunga mkanda juu ya jeraha la mguu kuzuia damu, nao ndio peke yao wajuao saa waliyoufunga. Kumbe saa hiyo ni ya lazima kujulikana, kwa maana mkanda uokoao maisha, ukikaa saa nyingi, huua kiungo chenyewe. Au wamemkuta mgonjwa wa kisukari amezimia kwa sababu sukari imeshuka mno, wakampa sukari kwa dripu. Wasiposema, nesi atampima atakuta sukari ni ya kawaida, na daktari ataanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao haupo.

Naye mwuguzi ana kile ambacho watu wa gari hawana: kitanda, dawa, damu, daktari wa kumwita, na saa nyingi za kukesha karibu na mgonjwa. Ajua ni chumba gani cha upasuaji kiko tayari, na ni mgonjwa gani wa kutangulizwa. Lakini hayo yote huanza kusaidia pale tu anapojua aliyeletwa ni nani, na limempata nini. Msamaria bila mwenye nyumba angekuwa na mgonjwa juu ya punda, hana pa kumlaza. Mwenye nyumba bila Msamaria angekuwa na vitanda vyake, na mtu angefia barabarani.

Kwa hiyo wenye ujuzi wa kazi hii wameweka desturi, nayo ni nyepesi kiasi kwamba hata mtu asiye mganga aweza kuifahamu. Mgonjwa afikapo, isipokuwa kama moyo wake umesimama au hapumui, watu wote hutulia kwa muda mfupi. Mmoja tu husema, wengine husikiliza. Asemaye hutaja umri wa mgonjwa, saa jambo lilipotokea, lilivyotokea, majeraha au dalili zilizoonekana, hali yake ya pumzi, mapigo ya moyo na presha, na mwisho, yote aliyotendewa njiani na saa yake. Apokeaye huyarudia kwa kifupi, ili ijulikane kwamba ameyasikia sawasawa. Ndipo mikono hubadilishana. Na kama simu ipo, hospitali huarifiwa kabla gari halijafika, ili damu iwe tayari na daktari awe ameamka. Dakika ile moja ya kutulia si uvivu. Ni dakika ambayo mimi niliikataa, na nikailipa kwa nusu saa.

Yako mambo mawili zaidi ambayo watu wa nje hawayajui. La kwanza ni la gari kukawizwa. Likifika hospitali, mgonjwa asipopata kitanda, machela na mtungi wa hewa ya oksijeni havirudi, basi gari husimama uani. Nasi twaliona limesimama twasema, "Madereva wanapumzika." Kumbe gari lililosimama uani ni gari ambalo halipo barabarani, na huko kijijini mwingine analingoja. Nesi anayejitahidi kumhamisha mgonjwa upesi kutoka machela ya gari amemhurumia pia mgonjwa asiyemjua, aliye mbali.

La pili ni zito zaidi: ni makaripio. Katika nchi yetu, mara nyingi anayemsindikiza mgonjwa garini ni mwuguzi wa zahanati au wa kituo cha afya. Afikapo hospitali kubwa, hukutana na mwuguzi mwenzake. Ingefaa wapokeane kama ndugu. Lakini mara ngapi husikika maneno haya mbele ya mgonjwa na jamaa zake: "Mbona mmemchelewesha? Mlikuwa mnafanya nini muda wote huu?" Pengine kweli walichelewa. Pengine aliyechelewa ni mume aliyetafuta nauli, au mto uliojaa. Matunda ya makaripio hayo ni gani? Safari ijayo yule mwuguzi wa zahanati atasitasita kumleta mgonjwa, ili asiaibishwe. Au ataandika saa isiyo ya kweli, ili asilaumiwe. Na saa ya uongo katika karatasi ya mgonjwa ni kama sumu katika kikombe. Atakayeinywa si aliyekaripia wala aliyekaripiwa. Ni yule aliyelala.

Ndiyo maana nasema kupokeana vizuri si adabu ya kupendeza tu. Ni sehemu ya kuponya.

Katika mwili, mkono haujisifu mbele ya jicho, wala jicho haliuambii mguu kwamba haulihitaji. Hayo Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto waliokuwa wakigombea nani mkubwa. Na katika Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya 2, twasoma habari za mtu aliyepooza aliyechukuliwa na watu wanne hata wakamshusha kwa kuitoboa dari mbele ya Bwana Wetu Yesu Kristo. Hatukuambiwa hata jina moja la wale wanne. Hatukuambiwa nani alishika upande wa kichwa na nani upande wa miguu. Lakini fikirini: kama mmoja tu angaliiachia kamba yake kwa hasira, mgonjwa angalianguka. Bwana alipoiona imani yao, ndipo aliposema na yule mgonjwa. Imani hiyo ilikuwa yao wote kwa pamoja, nayo ilionekana kwa kazi yao.

Kanisa limeifahamu kazi hii tangu zamani. Katika mji wa Florence, Italia, kiko chama cha waamini kiitwacho Misericordia, ambacho kwa mapokeo kilianza mwaka 1244. Watu wa chama hicho, matajiri na mafundi pamoja, waliwabeba wagonjwa na wafu mabegani mwao kuvuka mji. Zamani walivaa joho na kofia ya kufunika uso, ili asiyejulikana amsaidie asiyemjua, wala pasiwe na sifa. Hata leo chama kipo, nacho chaendesha magari ya wagonjwa katika mji ule ule.

Naye Mtakatifu Kamili wa Lellis, aliyezaliwa mwaka 1550, alikuwa kwanza askari na mcheza kamari. Kidonda cha mguu kisichopona kilimpeleka katika hospitali moja ya Roma, na huko aliona jinsi wagonjwa walivyotunzwa na vibarua wasio na moyo. Mwaka 1582 akaanza kukusanya watu wa kuwahudumia wagonjwa kwa mapendo, na mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano akawaruhusu kuvaa msalaba mwekundu juu ya kanzu zao. Kabla ya Kamili kufariki mwaka 1614, wengine kati yao walikuwa wamekwisha kutumwa hata katika viwanja vya vita kuwahudumia majeruhi. Basi, watu wa shirika moja waliwashika wagonjwa kule walikoangukia, na waliwashika wodini walikolazwa. Mwaka 1930 Papa Pius wa Kumi na Moja alimweka Mtakatifu Kamili kuwa msimamizi wa wauguzi. Naona yafaa madereva wa magari ya wagonjwa nao wamwombe, kwani kazi yao aliijua.

Hata hapa kwetu yako mambo ya kumshukuru Mungu. Mwaka 2010 hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya matibabu ya dharura, na tangu hapo madaktari wetu wenyewe wamekuwa wakifundishwa elimu hiyo nchini. Mwaka 2022 Serikali, pamoja na wafadhili wake, ilianza kueneza nchini kote mpango uitwao M-mama, baada ya kujaribiwa kwanza katika Kanda ya Ziwa. Mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga apatapo hatari, hupigwa simu namba 115 bila malipo. Apokeaye simu huuliza dalili, huangalia ni kituo gani chafaa, hutafuta gari la wagonjwa. Na kama halipo karibu, humwita dereva wa kawaida wa kijiji au mtaa, aliyekwisha kuandikishwa kwa kazi hiyo, naye hulipwa nauli yake kwa simu. Tazameni basi: mwenye teksi, mtu wa soko na stendi, ameingizwa katika mnyororo mmoja na mkunga na daktari wa upasuaji. Ni jambo jema sana. Utafiti wa afya wa Taifa wa mwaka 2015–16 ulihesabu vifo 556 vya akina mama kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa. Ule wa mwaka 2022 ulihesabu 104. Sababu za kupungua huko ni nyingi, wala hatuwezi kumpa sifa mmoja peke yake. Lakini 104 si hesabu ya karatasini. Kila mmoja wao alikuwa na jina nyumbani kwao.

Na mnyororo, wasomaji wapenzi, hata ukiwa wa chuma kizuri namna gani, hukatika pale pete mbili zinaposhikana vibaya. Serikali yaweza kununua gari. Wafadhili waweza kuleta mitambo. Lakini nani atawanunulia watu wawili subira ya kusikilizana saa sita za usiku? Hiyo haipatikani dukani. Hiyo ni kazi ya dhamiri, nayo huanza nyumbani, pale watoto wanapofundishwa kwamba anayefungua mlango na anayegonga wote ni watu.

Sasa niseme na kila mmoja.

Ninyi madereva na wasindikizaji wa wagonjwa: kazi yenu haiishi gari linapozimwa. Inaisha mnapokuwa mmemweleza anayempokea yote mliyoona na mliyotenda, naye akayafahamu. Andikeni saa. Karatasi ya mgonjwa ishikeni kama mnavyoshika mgonjwa mwenyewe. Kama mmefanya kosa njiani, lisemeni; aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko majuto ya miaka. Na mjapo siku nyingine, ulizeni hali ya yule mliyemleta. Msamaria aliahidi kurudi. Hakumsahau mgonjwa wake baada ya kutoa zile dinari mbili.

Ninyi wauguzi mnaopokea: najua zamu zenu ni ndefu, na wengi wenu mko wachache kuliko kazi. Lakini mtu aliyevuka mto usiku na mgonjwa amestahili kusikilizwa kabla ya kuulizwa kwa nini amechelewa. Msikilizeni hata kama hana cheo, hata kama nguo zake ni za matope. Kama pana kosa la kurekebisha, rekebisheni kesho yake, faraghani, kwa kuketi pamoja. Mbele ya mgonjwa, kwanza ni mgonjwa. Mwenye nyumba ya wageni angeweza kumwambia Msamaria, "Wewe ni nani, na kwa nini umeniletea taabu hii?" Injili haitusimulii kwamba alisema hivyo. Alipokea fedha, alipokea maagizo, alipokea mtu.

Na sisi jamaa za wagonjwa, tulio wengi kuliko wote: nasi tuna sehemu yetu. Yule mama mkwe aliyekaa nyuma ya gari langu alijua saa degedege ya kwanza ilipoanza, kwani alikuwapo. Hakuna aliyemwuliza, naye aliogopa kusema mbele ya watu wenye makoti meupe. Akina mama, msiogope. Semeni mliyoyaona. Chukueni daftari la kliniki, chukueni vidonge anavyotumia mgonjwa, hata mitishamba aliyopewa itajeni bila kuficha, kwani hapo si mahali pa kuona haya. Wanaume, namba ya simu ya gari na nauli ya akiba viwekwe tayari kabla ya mwezi wa kujifungua, wala si siku ile ya uchungu. Nanyi mnaosubiri uani, msimtukane dereva mkisikia nesi amekawia, wala msimtukane nesi mkisikia dereva amekawia. Tukiwagombanisha, mgonjwa wetu ndiye atakayelipa.

Wakristo wapenzi, siku ya mwisho tutaulizwa habari za wagonjwa. Zamani nilidhani nitaulizwa kama niliwatembelea na kama niliwabeba. Sasa nafikiri mimi nitaulizwa neno moja zaidi: niliwakabidhi vipi?

Yule nesi mzee alistaafu. Kabla hajaondoka, nilikwenda kumwomba radhi, nimechelewa miaka, lakini nilikwenda. Alicheka, akasema hakumbuki usiku ule. Alikuwa amepokea wagonjwa wengi mno. Kisha akaniuliza, "Na mgonjwa alipona?" Nikamwambia mama alipona, tena baadaye Mungu alimjalia watoto wawili. Akashika mkono wangu, akasema, "Basi, Padre, tulimpokea sote."

Tumwombe Mama yetu Bikira Maria, aliyesafiri kwa haraka milimani kwenda kumsaidia Elizabeti, na Elizabeti akampokea kwa furaha mlangoni, awaombee wote wanaosafiri usiku na wagonjwa, na wote wanaokesha wakiwangoja. Mtakatifu Kamili awaombee. Nasi, tukiliona gari la wagonjwa likipita barabarani, tusogee kando upesi, tuseme sala fupi, moja kwa ajili ya aliyemo ndani, na moja kwa ajili ya yule atakayefungua mlango.

Mhariri